Kavalye kwenye Njia ya Pili

Likasi, tarehe 5 Februari 1995

Kwa shemeki yangu mheshimiwa Kabongo Georges, Mwene-Ditu

Shemeki,

Ninayo heshima kubwa kukutangazia, na kupitia kwako kuitangazia familia yote iliyoko Mwene-Ditu, wakubwa kwa wadogo, kwamba kitufe cha herufi R cha kompyuta yangu kimeonekana. Kilikuwa ndani ya kiota cha kuku. Kuku alikilalia pamoja na mayai yake, na nadhani alikuwa na matumaini makubwa. Kuanzia leo secrétariat yangu, kibanda changu cha kupiga barua za watu hapa karibu na soko, inaweza tena kuandika majina yote bila ubaguzi. Wateja wa herufi R, niliokuwa nawaambia warudi kesho, sasa wanaweza kurudi kesho.

Barua hii naiandika kwa mkono, maana umeme umekatika.

Uliniuliza kompyuta nimeitoa wapi. Ilitoka katika ofisi moja wakati wa uporaji, ikapita mikono ambayo majina yake sikuuliza, ikanifikia bila kifuniko, kwa malipo ya kutengeneza friji. Kitabu chake cha maelezo kilikuja na kurasa za katikati tu. Kwa hiyo mambo ya mwanzo na ya mwisho ya kompyuta siyajui, lakini ya katikati nayajua sana.

Sasa neno lenyewe. Wewe ndiwe mukubwa wa nyumba, na desturi inasema mwanamke akiwa chini ya paa la kaka yake, mume wake hasemi naye ila kwa kinywa cha kaka. Nimeifuata. Mwaka wa 1993 wakubwa wa mkoa walipowafukuza na kuwapakia ninyi wenye asili ya Kasai kwenye treni ili mrudi kwenu, huko kwenu ambako wewe na Rosalie mke wangu hamkuwa mmekanyaga hata siku moja, mama-mukwe hakuweza kusafiri bila binti yake. Rosalie akapanda, mutoto wetu Joëlle mgongoni. Tulipatana kwamba mambo yakitulia atarudi. Mama-mukwe ametutoka mwaka jana, Mungu ampumzishe. Na mambo yametulia, au angalau yamechoka. Watu wanarudi mmoja mmoja, wanakuta nyumba zao zina watu wengine, wanasalimiana. Nyumba yangu haina watu wengine.

Naomba basi, kwa kinywa chako: Rosalie na mutoto watarudi lini?

Sikai vizuri, shemeki. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kiti. Bomba la moshi la kiwanda halitoi moshi, vijana wote wamekwenda Kambove kuchimba na nyundo zao, na minye mwenyewe nazunguka mji kama muntu aliyetumwa kitu akasahau ni kitu gani.

Shemeki wako,
Zéphirin


Mwene-Ditu, tarehe 19 Machi 1995

Kwa Zéphirin, mume wa dada yangu

Barua yako imefika kwa mkono wa Barnabé, yule konvwayeri anayesindikiza mizigo ya treni, ikinuka samaki. Kuhusu kuku na herufi, familia imepokea habari.

Kuhusu Rosalie: nimemwita, nimemsomea barua yako. Alitazama ukuta. Mwanamke akitazama ukuta, muntu mwenye akili hamharakishi. Tena kuna habari zimefika huku kwamba mwanamke fulani anapika kwenye veranda yako. Mimi sisemi kitu. Nasema tu habari zimefika.

Tena kuna desturi, maana wewe mwenyewe umeitaja. Mama alipokufa, mukwe alipaswa kuja kulia. Hukuja. Wakati ule ulisema treni haikutembea. Mama naye hakungoja treni. Kwa hiyo utakuja mwenyewe, na mbuzi dume, na kitambaa cha heshima, tuondoe kilio kama watu. Hapo ndipo tutafungua mdomo juu ya Rosalie.

Sasa tuzungumze mambo ya maana.

Unajua kule kiwandani nilikuwa chef d'équipe wa umeme, watu wanane chini yangu. Hapa natengeneza redio. Pasta Exaucé wa kanisa moja jipya la hapa amepata kompyuta, na ni mimi niliyeifungia kadi ya sauti, ili kwaya iimbe na sauti iingie ndani. Rosalie ndiye anayepiga barua za Pasta kwenye mashine hiyo. Basi, kwaya ikiimba, na Rosalie naye akiwa anahifadhi barua kwenye disketi, disketi inatoka takataka tupu: nusu ya herufi, nyota, alama za nyuso zenye vicheko. Pasta anasema ni pepo. Waimbaji wanasema ni Rosalie. Mimi nasema ni waya, lakini waya zote nimeziangalia na hakuna hata moja iliyokiri.

Mkutano mkubwa wa maombi ni mwezi wa tisa. Mashine isipopona kabla ya hapo, nimekwisha. Huko Likasi hata nikikosea watu walijua mimi ni nani. Hapa, mahali wanapoita kwetu, mimi ni mgeni, na jina langu lote ni hiyo mashine.

Wewe na kurasa zako za katikati, nieleze. Disketi mgonjwa iko kwa Barnabé, uichunguze.

Kabongo Georges


Ndani ya disketi hiyo, faili ya tatu

Baba Joëlle,

Ukisoma hii, njo kusema ulifungua fishie zote. Nilijua utafungua, weye hata kopo ya sardini ya muntu mwingine unafunguaka. Fishie mbili za kwanza ni takataka ya kweli, ya Pasta. Hii ya tatu niliandika saa kwaya ilikuwa inakunywa maji, njo maana iko safi. Usiogope. Yaya Kabongo, kaka yangu, anajua kufungua masini na turnevisi, bisibisi yake ile, hajue kufungua fishie.

Alinisomea barua yako. Alisoma kuku, alisoma herufi, kiisha akakunja karatasi akasema: "Basi, anasalimia." Nikaangalia ukuta sababu machozi ilikuwa inakuya na sikutaka aone. Muntu anaandika karatasi yote ile juu ya kuku? Ulisema nini ingine?

Na ule mwanamuke wa ku veranda ni nani? Usizunguke. Niambie paka jina, jina tu.

Joëlle alitoka meno ya mbele, ilianguka. Anauliza kama baba naye alitoka meno. Nilimuambia paka ile moja.

Rosalie


Likasi, tarehe 16 Aprili 1995

Shemeki,

Disketi imefika. Nimeichunguza vizuri sana. Sijawahi kuchunguza disketi hivyo.

Mashine yako haina pepo. Kwa bahati ugonjwa huu umo katika kurasa za katikati, kwa hiyo sikiliza.

Unakumbuka dépôt ya unga ya kampani, ghala lile, wakati kulikuwa na unga. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo dépôt ile: vyumba vingi, kila kimoja na namba yake mlangoni. Prosesa ndiye mukubwa wa dépôt. Zamani kila kitu kilichotoka nje, mukubwa alikibeba mwenyewe. Anakwenda kwenye disketi, anajaza bakuli moja, anarudi, anamwaga chumbani, anakwenda tena. Kazi inafanyika, sikatai. Lakini mukubwa hawezi kufanya jambo lingine lolote, hata kujikuna, na lori linangoja nje siku nzima kwa sababu muntu mmoja hataki gunia lipite bila kuguswa na mkono wake.

Ndipo wenye akili wakaweka karani mlangoni. Mukubwa anampa maneno matatu tu: anzia chumba fulani, magunia ni kiasi hiki, yanaingia au yanatoka. Kisha anakwenda kwenye shughuli zake. Lori linaingia moja kwa moja mpaka chumbani bila kupita mezani kwake. Njia ya ndani ni moja tu, kwa hiyo gunia likipita mukubwa anasimama pembeni kidogo, anapigwa na vumbi, haulizi ndani mna nini. Gunia la mwisho likishuka, karani anamgongea mlango mara moja: tayari. Basi. Kwa Kifaransa wanaita accès direct.

Usidhani mukubwa amedharauliwa. Ruhusa ni yake. Ila akishaitoa, hashiki tena kila bakuli.

Sasa karani ana milango kadhaa, na kitabu kinaiita njia. Kila chombo na njia yake. Njia ya pili ni ya disketi tangu mashine kuzaliwa, hiyo haijadiliwi. Tazama kadi yako ya sauti: kuna vipini vidogo vya chuma vimesimama mistari, na juu yake kofia nyeusi ndogo kama punje ya mchele, inayounganisha vipini viwili. Ile ndiyo kavalye. Inapokaa ndipo panaamua kadi itatumia njia gani. Na kwako, naapa kwa kitufe changu cha R, imekaa kwenye njia ya pili. Kwaya na disketi wanapiga honi kwenye mlango mmoja. Karani anasikia honi, anafungua, hajui ni lori gani. Unga unachanganyika na simenti, halafu mnamlaumu Rosalie.

Zima mashine, ng'oa kavalye, iweke kwenye njia ya kwanza. Imekwisha.

Nilikuwa nimeandika barua nyingine, ya kukuuzia dawa hii kwa bei ya Rosalie. Nimeichana. Mashine inayoumwa haihusiki na mambo yetu.

Kuhusu mwanamke wa veranda: ni Julie, mutoto wa dada yangu wa Kambove. Anakaanga mikate pale asubuhi. Mwambie Rosalie hivyo hivyo. Kuhusu mbuzi: dume nimempata, lakini tuseme ukweli. Mbuzi akipanda treni hapa, tukifika Kamina watu watakuwa wamemla, nami nitakuletea kamba.

Disketi nairudisha. Mpe Rosalie mkononi, atazame kama bado inafunguka.

Zéphirin


Ndani ya disketi hiyo, faili ya nne

Mama Joëlle,

Julie.

Ulitaka jina tu, lakini naongeza: ni yule Julie wa dada Berthe, uliyembeba mwenyewe akiwa na surua akakutapikia kitambaa cha harusi. Amekuwa mkubwa, anakaanga mikate, anachoma nusu yake.

Chini ya kuku niliandika: Rosalie na mutoto watarudi lini? Iko pale kwenye karatasi, ukiikuta soma. Nilianza na kuku kwa sababu muntu hawezi kuingia nyumba ya mukwe na kichwa cha habari. Yaya wako akafika kwa kuku akaona inatosha.

Nyumba iko. Paa linavuja upande wa kabati. Mto wako nilimpa Julie, nikamnyang'anya, akalia, nikamnunulia mwingine.

Dawa ya mashine nimempa yaya wako, yote. Nilijaribu kuificha nikashindwa, kavalye ile ingenisumbua kama jiwe kwenye kiatu. Kwa hiyo mashine itapona, na ikipona hakuna disketi itakayosafiri tena. Hii ni ya mwisho kupita njia hii.

Kwa hiyo jibu hata kwa kumtuma Barnabé atikise kichwa. Unarudi?

Zéphirin

Meno: ni lile moja tu bado.


Mwene-Ditu, tarehe 28 Mei 1995

Shemeki,

Ulisema kweli. Niliing'oa, nikaihamisha, kwaya ikaimba nyimbo nne, Rosalie akahifadhi, disketi ikatoka safi kama sahani. Jumapili Pasta aliniita mbele ya watu, akasema ndugu Kabongo amemfukuza pepo wa mashine. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimevaa koti.

Wiki ile ile, takataka. Nyota, vicheko, yote. Nikafungua mashine: kavalye imerudi njia ya pili. Nikaihamisha tena mbele ya mashahidi. Imerudi. Shemeki, nakuuliza kama muntu aliyefanya kazi ya umeme kuanzia ujana wake, nijibu bila kucheka: je, kavalye hutembea?

Nimemuuliza Rosalie, ambaye anakaa mbele ya mashine hiyo kutwa. Anasema hajaona kitu. Anasema labda ni joto, chuma hupanuka. Nimefikiria sana jambo hilo la chuma.

Pasta ameanza kuniita Kabongo bila "ndugu". Mkutano wa mwezi wa tisa unakuja. Hapa nyumbani natembea kutoka redio hadi redio, nafungua hii, naacha, nafungua ile. Rosalie ananiambia: "Yaya, kaa." Nikae wapi?

Kuhusu ombi lako, yeye bado hasemi. Habari ya Julie nitampa kwa wakati wake. Mbuzi hawezi kusamehewa kwa sababu ya Kamina.

Disketi nyingine hiyo, mgonjwa kuliko ya kwanza.

Kabongo Georges


Ndani ya disketi hiyo, faili ya tano

Baba Joëlle,

Ni minye. Nainyanyua na kucha saa yaya analala muchana, nairudisha ku njia ya pili. Ungenyamaza kidogo, weye na kitabu yako ya katikati! Nilisoma barua yako ya "mwisho", nikacheka mupaka Joëlle akacheka na hajue sababu. Muntu ana mulango, na anaenda kuufunga na mikono yake sababu kavalye inamusumbua.

Niliona karatasi yako ya kwanza. Iko mu koti ya yaya, ile ya kanisa. Nilisoma chini ya kuku.

Narudi.

Nilimuomba wazi. Nikasema: "Yaya, niachilie, niende kwa bwana yangu." Akasema: "Mbuzi haiyafika." Nikamuambia: "Yaya, ni mbuzi itanioa?" Akachukua redio moja, akaenda nayo inje, na ile redio ilikuwa inatembea vizuri, haikuharibika.

Usimuzanie mubaya. Mama alikufa mu mikono yake, mu inchi yenye hatujue hata muntu wa kutushikia sufuria. Nikienda, anabakia peke yake na ile maredio. Hawezi kusema "dada, usiende", njo maana anasema desturi. Na minye siwezi kumuambia "naenda leo" na macho yangu mu yake. Ataangusha uso, nitafungua mizigo. Ninajijua.

Sasa sikia. Mwezi wa munane ninaendaka Luputa kununua mahindi, kila mwaka, na Joëlle. Yaya anajua. Treni ya Luputa njo ile ile ya Likasi. Wengine bakishuka, minye nitabakia paka mu kiti. Kisha nitamutumia habari.

Kavalye, kabla sijatoka nitaiweka ku njia ya kwanza. Mukutano ya Pasta itatembea, na yaya atavaa koti yake. Usimuandikie kitu.

Rosalie

Joëlle anauliza kama ile kuku ingali.


Likasi, tarehe 2 Julai 1995

Shemeki,

Umeniuliza kama kavalye hutembea. Kurasa za katikati hazisemi. Huenda imeandikwa mwishoni. Endelea kuirudisha kila ikiondoka, bila hasira. Minye nina hisia kwamba kuanzia mwezi wa nane itatulia. Usiniulize kwa nini. Huo ni msimu ambao chuma hakipanuki.

Kwa kuwa uko macho, nikueleze ugonjwa mwingine, wa mashine mpya. Yule mukubwa wa dépôt amechoka kwenda kila mara kutazama vyumba. Ameweka mfukoni karatasi ndogo, ameandika: chumba hiki unga, kile chumvi. Ukimuuliza, anatazama mfukoni, anajibu haraka, kila muntu anamsifu. Lakini sasa malori yanaingia moja kwa moja, si ndiyo? Lori limefika, limetoa chumvi, limeweka sabuni, karani hakumwambia. Mfuko bado unasema chumvi. Mukubwa hasemi uongo, shemeki. Anasema kilichokuwa kweli. Anaweza kuapa, anaweza kuita mashahidi, na wakati wote ule sabuni iko ndani inamngoja.

Dawa yake ni ndogo: atupe karatasi, aende mwenyewe akatazame.

Nasema juu ya mashine.

Huku usiku na mchana umeme unakuja na kuondoka kama jamaa asiyejua kama amekaribishwa. Nimeziba paa upande wa kabati. Nimenunua sahani. Usiniulize kwa nini nimenunua sahani. Naamka, naihamisha meza, kesho yake nairudisha. Julie anasema: "Mjomba, unangoja nani?" Nimemwambia nangoja treni ya kumsafirisha mbuzi.

Mbuzi ni mzima. Ameanza kunizoea, jambo ambalo si zuri kwa yeyote kati yetu.

Zéphirin


Mwene-Ditu, tarehe 27 Agosti 1995

Kwa shemeki yangu Zéphirin, Likasi

Shemeki,

Barua hii isome umekaa.

Jumatatu Rosalie na mutoto walipanda treni kwenda Luputa kununua mahindi, kama kila mwaka. Na tazama: kuanzia siku ile kavalye haijatembea. Mashine imetulia kama ulivyotabiri. Nimekaa mbele yake mwenyewe kulinda, na kwa kuwa hakukuwa na cha kulinda, nimefikiri.

Nyumba hii ina kelele moja ambayo nimeilalamikia miaka miwili: vitufe vile, tak tak tak, na mutoto anauliza maswali katikati. Sasa hakuna. Niliwasha redio zote zinazofanya kazi. Hazikusaidia. Nikaelewa kitu ambacho chef d'équipe hapendi kukielewa peke yake saa ya mchana: kwamba sikuwa ninalinda desturi. Mbuzi gani, shemeki? Mama mwenyewe hakupenda nyama ya mbuzi. Nilikuwa naogopa ukimya huu, na sasa nimeusikia, na bado niko hai.

Kwa hiyo nimeita baraza la familia. Tulikuwa wawili, mimi na jirani mmoja aliyekuja kuchukua redio yake. Baraza limeamua haya.

Mbuzi ameondolewa. Kilio cha mama kimekwisha.

Rosalie ana ruhusa ya kurudi kwa mume wake, yeye na Joëlle, kwa treni itakayofuata, na mimi mwenyewe nitamsindikiza mpaka stesheni na mizigo yake kichwani mwangu ikibidi.

Tangu leo mnaweza kuandikiana moja kwa moja, bila kinywa changu. Niliisoma tena ile barua yako ya dépôt. Nilidhani unaeleza mashine. Mimi ni mukubwa, natoa ruhusa, nasimama pembeni, sitauliza ndani ya gunia mna nini. Mnigongee mlango tu mkimaliza, nijue.

Akirudi na mahindi yake, Jumamosi, nitamwambia haya kwa mdomo wangu. Nataka niuone uso wake. Najua atatazama ukuta, lakini safari hii nitazunguka upande wa ukuta.

Barua hii nampa Barnabé. Ile treni waliyopanda bado imekwama pale Luputa, lokomotivu inangoja kipande, na Barnabé amerudi huku kwa baiskeli kuchukua godoro lake kabla ya kuirudia. Nimemwambia akimwona Rosalie sokoni kule amsalimie tu, asimwambie kitu. Habari kubwa kama hii haipiti kwa konvwayeri.

Kaka wa mke wako, na kwa moyo wote wako pia,
Kabongo Georges


Likasi, tarehe 17 Septemba 1995

Shemeki,

Nakugongea mlango, kama ulivyoagiza.

Mfuko wa Barnabé umetoboka, kwa hiyo barua yako ya ruhusa alimpa Rosalie aibebe, naye amenikabidhi mkononi.

Zéphirin